Mwili Nao Una Haki Yake

Wapo watu wadhaniao ya kwamba mtu akishika dini yampasa auache uwanja wa mpira na mbio, ati hayo ni upuuzi. Ewe msomaji unayeichunguza Islam, dhana hiyo isikuzuie.

Sahaba mmoja, Abdullah bin Amr r.a., alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume Mtukufu s.a.w. alimkataza kuzidisha, akamweleza ya kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Tena Mtume s.a.w. mwenyewe alishindana mbio na mkewe, Hadhrat Aisha r.a. Mara ya kwanza Bibi huyo alishinda. Baadaye, alipokwisha nenepa, Mtume s.a.w. akamshinda, akamtania kuwa sasa wamelipana. Je, huo ulikuwa upuuzi? Na yule amkatazaye binti yake kukimbia atamjibu nini Hadhrat Aisha?

Ninyi mkaao Dongobesh mnaye shahidi wa karibu. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico City mwaka 1968, akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea, akamaliza wa 57, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakupata medali, alirudi Mbulu kulima, na jina lake lingali likitajwa duniani. Ni kweli, wapo ambao mbio zilikwenda pamoja na ajira: Filbert Bayi na Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025, wote wawili walikuwa askari. Lakini ni wachache mno walishwao na miguu yao. Kijana aachaye shamba au masomo akingoja kuitwa katika timu huidhulumu haki nyingine.

Faida ya walio wengi ni afya. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, kwani hupunguza hatari ya shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo, na huzuni pia. Mkulima apandaye vilima vya Dongobesh na jembe begani huenda amekwisha zitimiza kabla ya Jumatano! Nawahofia karani, mwalimu na mwenye duka, washindao kitini kutwa.

Basi mchezo na uanze baada ya sala ya Alasiri. Wakati watosha kabla ya Magharibi. Na ndoo ya maji ya udhu iwekwe kando ya uwanja.