Je, Kusimama Katikati ni Woga?

Waswahili husema: Njia mbili zilimshinda fisi. Kwa methali hiyo watu wengi huvihukumu vyama vipya vya siasa vijiitavyo vya katikati. Husema: Hao hawana msimamo; wangoja tu kuona nani atashinda, ndipo waende kula kwake. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Tufikiri kidogo, ndugu msomaji, maana habari hii yatuhusu sana sisi wa Kolwezi na wa nchi yote ya shaba.

Mwezi wa Mei 1960 watu wa Katanga walichagua wajumbe 60 wa baraza la jimbo. CONAKAT ya Moïse Tshombe ilipata 25. Kundi la BALUBAKAT la Jason Sendwe liliifuata kwa karibu. Hapana upande uliopata nusu. Basi mizani ilikuwa mikononi mwa wajumbe wachache waliobaki, wengi wao wasio na chama. Wangaliweza kusema: Hatumpi mtu kura zetu mpaka mkubali kutawala pamoja. Lakini wengi waliegemea CONAKAT. BALUBAKAT walipokataa kuhudhuria barazani, bunge la Ubelgiji lilibadili sheria mwezi wa Juni, serikali ikafanywa bila wao. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi ya peke yake. Damu nyingi ilimwagika kaskazini, na mambo yale yalikoma hapa hapa Kolwezi, Januari 1963.

Wajumbe wale walikuwa katikati kwa hesabu ya viti tu, moyoni hawakuwako.

Tena, miaka ya 1992 na 1993, wafuasi wa UFERI waliposhindana na wa UDPS, majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao, hata waliozaliwa hapa. Walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Je, siku zile katikati palikuwa wapi? Kunyamaza hakukuwa katikati, maana kulimsaidia mwenye kufukuza. Aliyemficha jirani yake, huyo hakuwa wa upande huu wala wa upande ule, wala hakuwa mwoga.

Kumbe tupambanue. Kati ya watu wawili wanaogombea utawala, katikati pako, na ni pema. Kati ya haki na dhuluma hapana katikati. Anayetafuta nusu ya dhuluma amekwisha chagua. Huyo ndiye fisi wa methali.

Leo vyama vya nchi yetu ni mamia, na vingine huzaliwa uchaguzi ukikaribia tu. Tusiviulize jina, tuviulize kazi. Sheria ya madini ya 2018 yaagiza kwamba katika kila mia ya mrabaha ambao kampuni hulipa, 15 ziende kwa mji au sekta panapochimbwa. Basi mtu wa chama cha katikati akija kuomba kura yako, mwulize: Utadai hesabu ya fedha hizo mbele ya watu, hata rafiki yako akiwa ndiye mwenye kuzishika? Utamtetea mgeni, hata wenyeji wakikukasirikia? Utakataa uwaziri, ukipewa ili unyamaze?

Akijibu ndiyo, usimwite vuguvugu. Mwangalie miaka mitano, ndipo umhukumu kwa matendo.