Usikate Waya

Andiko: 1 Yohana 3:19–21, 1 Timotheo 4:1–2

Ujumbe huu niliuhubiri ibada ya pili. Mvua ile iliwazuia wengi wa upande wa Ndalu na Soysambu, na wamejua barabara zao zilivyo, kwa hivyo nimeombwa niuandike hapa.

Anza kwa kusoma hayo maandiko mawili nyumbani, polepole. Yohana anasema moyo wa mtu unaweza kumhukumu, na kwamba Mungu ni mkuu kuliko huo moyo. Paulo naye anamwonya Timotheo kuhusu watu ambao dhamiri zao zimechomwa kwa chuma cha moto, vile ng'ombe hupigwa chapa, mahali pale pasisikie tena. Mmoja anazungumzia dhamiri inayolia mno. Mwingine, dhamiri iliyonyamaza kabisa. Watu hudhani hao ni watu wawili tofauti. Mimi nasema mara nyingi ni mtu mmoja, tofauti ni miaka tu.

Wenye magari watanielewa haraka. Magari yetu mengi yalitumika kwanza Japani, yakapitia bandari ya Mombasa kabla hayajapita umri wa miaka 8 ambao sheria ya Kenya inaruhusu. Mengi yana vidude vya mviringo kwenye bampa ya nyuma, ukubwa kama kifuniko cha soda. Mafundi wanaviita sensa. Ukitia rivasi, zinaanza: pii, pii. Ukikaribia ukuta: piiiiii. (Watu wa bodaboda msicheke, ujumbe ni wenu pia.)

Ndani ya kila sensa kuna kiwambo chembamba kinachotetemeka mara 40,000 au zaidi kwa sekunde. Sikio la binadamu linaishia kama 20,000, ndiyo maana hatusikii. Sauti inatoka, inagonga kilicho nyuma, inarudi kama mwangwi, na gari linapima muda uliopita. Kitu kikiwa mita moja na nusu, mwangwi unarudi hata sehemu moja ya mia ya sekunde haijaisha. Popo nao hutumia njia hiyo hiyo kila usiku, na hawamlipi fundi.

Sasa njoo asubuhi ya Julai hapa Tongaren. Baridi imeshuka, umande kila mahali, barabara ni matope. Mtu anatia rivasi uani kwake, nyuma hakuna hata kuku, na gari linapiga yowe. Wengi husema, "Ni baridi." Baridi ina mkono wake, ndiyo. Hewa ikiwa nyuzi 20 sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na ikiwa nyuzi sifuri husafiri mita 331. Lakini tofauti hiyo haifiki hata asilimia 4. Kinachosumbua zaidi ni kile ambacho majira ya baridi huacha juu ya sensa. Katika nchi za theluji ni barafu. Kwetu ni matone ya maji na matope ya barabarani. Kiwambo kikifunikwa, gari linachukua mtetemo wa sensa yenyewe, au mwangwi wa lile tope, likadhani kuna kitu sentimita chache nyuma. Kumbe nyuma ni peupe. Shida imekaa juu ya kengele yenyewe.

Nilipokuwa nasomea biashara, mwalimu wa takwimu alitufundisha makosa ya aina mbili. La kwanza ni kutangaza jambo ambalo halipo. La pili ni kukosa kuona jambo lililopo. Sisi wanafunzi tuliona la kwanza kuwa dogo. Si ni kelele tu? Lakini lina gharama ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu. Linamchosha msikilizaji. Na msikilizaji akishachoka, analipia lile la pili.

Kuna ndugu mshirika wetu, amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja. Julai ya mwaka jana alichoka. Kila asubuhi makelele, watoto wanaamka, jirani anauliza kuna nini. Akaenda kwa fundi, waya ukakatwa, dakika tano, amani. Agosti amani. Septemba amani. Ikafika Desemba, ibada ya shukrani ya mavuno, jua kali, bampa kavu kabisa. Yaani siku ambayo sensa hazingekuwa na sababu ya kudanganya. Alikuwa anarivasi kutoka chini ya mkaratusi ulio kiwanjani, na nyuma ya gari mtoto wa miaka mitatu amechuchumaa, anachezea vifuniko vya chupa. Gari halikusema kitu. Nyanya mmoja aliyekuwa anapakua chakula akatupa mwiko, akakimbia, akapiga mwili wa gari kwa mikono yote miwili. Gari likasimama. Nilienda kuangalia mwenyewe: kati ya tairi na mtoto hapakuwa na hatua moja. Ndugu yule alikaa ameshika usukani muda mrefu, hakuweza kushuka.

Sidai kwamba sensa zingemwona yule mtoto kwa hakika. Vitabu vya magari vyenyewe huonya kwamba kitu kifupi kilicho karibu sana, au nguo nzito inayomeza sauti, kinaweza kupita bila kusikika. Lakini ndugu yetu alikuwa amejinyima hata hiyo nafasi, na sababu yake ilikuwa matope ambayo kitambaa kingeyatoa.

Mpendwa, dhamiri nayo hukatwa waya hivyo hivyo. Ukienda sokoni utapata gorogoro iliyobonyezwa kitako. Mwenye nayo anauza mahindi kwa furaha, anaimba hata pambio. Siku ya kwanza hakulala. Siku ya kumi alilala. Ukimwuliza atakwambia soko ndilo liko hivyo.

Lakini si wote wanaofika hapo kwa tamaa. Ziko nyumba za wokovu ambako mtoto alilelewa akiambiwa kila kitu ni dhambi. Mpira dhambi, kusuka nywele dhambi, kucheka kwa sauti dhambi. Kengele yake ililia kutwa, hata uani kukiwa kupeupe. Alipofika chuoni, mbali na mama na mchungaji, akakata waya zote siku moja: ule wa mpira na ule wa uasherati, ule wa kusuka na ule wa wizi. Kwake zote zilikuwa sauti moja. Tunalia kwamba vijana wameasi, na wengine wameasi kweli. Lakini kuna ambao walichoka tu, na mahubiri ya kumwogopesha mtu kwa kila jambo ndiyo yaliyopaka hilo tope. Nalisema nikijua kuna watakaonuna.

Na wapo ambao hawakukata waya. Hao wanakaa ndani ya gari na yowe linaendelea, miaka. Dada mmoja alipoteza mtoto wakati wa kujifungua. Watu wakamwambia, kwa kumhurumia ati, kwamba achunguze maisha yake, labda kuna mlango aliuacha wazi. Alifunga siku baada ya siku mpaka akadhoofika, jembe likamshinda. Alipokuja kwangu na mama wa maombi nilimwuliza swali moja: hiyo dhambi inaitwaje? Akafikiri sana. Akasema, "Pastor, sijui. Najua tu ni yangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo fundi hufanya. Sensa ikilia ovyo, hakati waya kwanza. Anashuka, anaangalia nyuma kwa macho yake. Kama kuna jiwe, kengele ilisema kweli, jiwe linaondolewa. Kama hakuna kitu, anapanguza, anapeleka gari mahali pa wazi na kujaribu tena. Ikilia katikati ya uwanja mtupu, ni sensa inayohitaji kutengenezwa, uwanja hauna hatia.

Roho Mtakatifu anapomshtaki mtu, ana jina la jambo. Nathani hakumwendea Daudi akamwambia, "Wewe ni mbaya tu." Soma 2 Samweli 12: alimtaja Uria, akamtaja mke wa Uria. Daudi alijua jiwe liko wapi. Zakayo naye katika Luka 19 alitaja hata kiwango cha kulipa, mara nne, na mimi kama mtu wa hesabu huwa nampenda Zakayo kwa hilo. Toba yake ilikuwa na tarakimu. Wewe wa gorogoro, jiwe lako lina jina na lina kilo. Nunua gorogoro nzima, na unaowajua uliwapunja, walipe. Usiniletee ombi la kuondolewa mzigo moyoni huku debe bado limebonyea.

Lakini shtaka lisilo na jina, linalolia mbele na nyuma, umeungama linalia, umelipa linalia, uwanja mtupu linalia, hilo usilipe ibada. Waebrania 10:22 inazungumza juu ya mioyo kunyunyizwa ikaachana na dhamiri mbaya, na mwili kuoshwa kwa maji safi. Tazama vizuri: dhamiri nayo huoshwa. Na huoshwa kwa damu ya Yesu, si kwa kufunga mpaka uanguke.

Tena kunyamaza kwa kengele si ushahidi kwamba njia ni salama. Katika Matendo 27 Paulo aliwaonya kwamba majira ya safari yamepita. Akida akawasikiliza nahodha na mwenye meli, watu waliokuwa na shehena ya kufikiria. Upepo mwanana wa kusini ukaanza, wakaona Paulo alipiga kelele bure. Haikuchukua muda, tufani ikashuka. Walikuwa watu 276 melini. Waliokolewa wote, lakini meli na ngano vilikwenda.

Yule dada bado anakuja Alhamisi. Amerudia kula, na juzi nilimwona shambani anapalilia. Kuna asubuhi bado inalia, ananiambia. Tunasoma 1 Yohana 3 pamoja naye na mama wa maombi, tunaangalia nyuma, hatuoni kitu, tunaomba, anaenda nyumbani. Kama nawe una yowe la namna hiyo, njoo Alhamisi kuanzia saa nane. Huhitaji kueleza mbele ya watu. Na kama ni usingizi umepotea kwa majuma, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, tutakusindikiza pia hospitalini. Hilo si kukosa imani.

Kwa wenye magari: mashemasi wawili watasimama kiwanjani kila baada ya ibada. Hakuna gari litakalorudi nyuma bila mmoja wao kusimama mahali dereva anamwona, sensa ziwe zinafanya kazi au la. Ndoo ya maji na vitambaa vitakuwa kando ya lango.