Je, Kila Lililo Kweli Lipatikane Daima?



Zamani tangazo la kanisa lilikuwa na maisha mafupi. Lilichapwa Jumamosi, likagawiwa mlangoni Jumapili, na kufikia Jumatatu lilikuwa limekunjwa ndani ya Biblia ya mtu au limekwisha tupwa. Jina la mgonjwa aliyeombewa lilisomwa na watu waliomjua, na habari ikaishia hapo. Siku hizi tangazo lile lile huwekwa kwenye tovuti. Ndipo linapozuka swali ambalo ningependa tulitafakari wiki hii: jambo likiwa la kweli, na likiwa limetangazwa kwa nia njema, kuna ubaya gani likipatikana na mtu yeyote, mahali popote, miaka yote?

Wengi wetu tutajibu upesi kwamba hakuna ubaya. Kweli haioni haya. Jibu hilo lina nguvu, lakini kwanza tuangalie kupatikana ni kitu gani.

Mtambo wa kutafuta kama Google hutuma programu inayotembea mtandaoni kutoka kiungo hadi kiungo, ikisoma kila ukurasa ulioachwa wazi. Yaliyosomwa huwekwa katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu, ambamo kila neno lina orodha ya kurasa linamopatikana. Anayeandika jina la mtu hahitaji kujua kwamba kanisa letu lipo, wala mtu huyo aliombewa lini. Jina peke yake linatosha. Tangazo la karatasi lilimtaka msomaji aje kwetu. La mtandaoni linamfuata aliko, hata kama hatumjui wala hatutaki ajue.

Yupo Mhispania aliyelifikisha swali hili mahakamani. Mwaka 1998 gazeti la La Vanguardia la Barcelona lilitoa matangazo ya mnada wa mali kwa ajili ya deni la hifadhi ya jamii, na jina la Mario Costeja González lilikuwamo. Matangazo hayo yalikuwa halali, tena yalitolewa kwa agizo la serikali. Baadaye gazeti liliweka nakala zake za zamani mtandaoni. Ikawa kila anayelitafuta jina lake anakutana na lile deni, ingawa shauri lenyewe lilikuwa limemalizika miaka mingi. Mwaka 2010 alilalamika kwa mamlaka ya Hispania inayolinda taarifa za watu. Mamlaka ilikataa kuligusa gazeti, kwa kuwa lilichapisha kihalali, lakini ikakubali malalamiko dhidi ya Google. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kudai viungo vya namna hiyo viondolewe katika matokeo ya kutafuta jina lake, ikiwa habari hizo hazina tena umuhimu kwa kusudi lake.

Tuangalie vizuri kilichoamuliwa. Ukurasa wa gazeti haukufutwa. Mtafiti wa historia ya minada bado angeweza kuufikia. Kilichokatwa ni ile njia fupi inayotoka kwenye jina la mtu moja kwa moja hadi kwenye aibu yake ya zamani. Mahakama ilitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kuhifadhi kweli, na kuibandika kweli hiyo kwenye paji la uso wa mtu popote aendapo.

Haki hiyo imeandikwa pia katika kifungu cha 17 cha kanuni za Ulaya za ulinzi wa taarifa, zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na sisi tunaoishi hapa Uingereza bado tunayo katika sheria ya nchi hata baada ya kutoka katika Umoja wa Ulaya. Ndugu zetu walioko Marekani hawana haki pana ya namna hiyo, kwa sababu kule uhuru wa kusema na kuchapisha hupewa uzito mkubwa sana.

Na Wamarekani wana hoja ya kusikilizwa. Tukiruhusu watu wachague litakalokumbukwa, je, wa kwanza kupiga foleni si atakuwa mwizi? Mtunza hazina aliyekula fedha za chama cha kuzikana angefurahi sana kama jina lake lingesafishwa kabla hajahamia mji mwingine kuanzisha chama kingine. Aliyewadhuru watoto angefurahi zaidi. Kusahau kukigeuka haki ya kila mtu, wanaoumia ni wale wanaohitaji kuonywa.

Hoja hii siipuuzi. Ila inatuonyesha kwamba ukweli wa jambo hautoshi kuamua peke yake. Tunapotaka jina la mwizi lipatikane, hatusukumwi na ukweli tu, kwani hata ugonjwa wa mama fulani ni kweli. Tunasukumwa na hatari iliyopo bado, na dhamana ambayo mtu huyo aliishika au anataka kuishika tena. Mwenye mamlaka juu ya fedha au watoto wa wengine anawajibika kwao. Aliyeomba kuombewa hana deni kama hilo kwa dunia.

Mwanafalsafa Helen Nissenbaum ameandika kwamba habari hubeba masharti ya mahali ilipotolewa. Tunayomwambia daktari tumemwambia yeye kama daktari, na yakifika kwa mwajiri wetu tumevunjiwa sharti, hata kama hakuna neno la uongo ndani yake. Wahenga wetu waliliona hilo mapema. Wanaposema mficha uchi hazai, tunausikia msemo huo kama wito wa kueleza kila kitu. Lakini anayezaa hujifunua mbele ya mkunga, hajifunui sokoni.

Katika ushirika kama wetu jambo hili si la nadharia. Wamo wanaosubiri majibu ya maombi ya ukimbizi. Wamo waliowakimbia waume wapigaji, au watu wenye silaha, ambao wana ndugu na simu hata huku. Picha ya kwaya yenye majina kamili chini yake, pamoja na anwani ya ukumbi na saa ya ibada, inamweleza anayemsaka mtu fulani atampata wapi Jumapili ijayo. Aliyeiweka alitaka kushiriki furaha tu, na nia yake njema haitamkinga aliyepigwa picha.

Teknolojia nayo haikusimama. Siku hizi mitambo hutafuta kwa maana, si kwa neno lile lile tu, kwa hiyo kuandika "dada mmoja kutoka Bukavu aliyefanyiwa upasuaji wa figo" si kumficha kama tunavyodhani. Zipo huduma zinazotafuta mtu kwa picha ya uso wake. Na programu za akili bandia husoma kurasa nyingi mno na kujifunza kutoka kwazo. Kuondoa kiungo kimoja katika orodha ni rahisi kuliko kuondoa jambo lililokwisha kuchanganyika ndani ya programu hizo. Maji yakimwagika hayazoleki, na sasa yanamwagika mbali zaidi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana: si kila lililo kweli linastahili kupatikana daima kwa jina la mtu. Mzigo wa kuamua usimwangukie yule aliyetajwa, aanze kuandika barua za maombi wakati madhara yamekwisha tokea. Umwangukie anayebonyeza kitufe cha kuchapisha.

Vifaa vipo. WordPress, inayoendesha tovuti nyingi za makanisa, ina mahali pa kuiambia mitambo ya kutafuta isiorodheshe tovuti. Tukumbuke kwamba hilo ni ombi tu, na si kila programu itaheshimu. Maombi ya wagonjwa yanaweza kuwekwa nyuma ya nenosiri, na matangazo yaliyopitwa na wakati yanaweza kuondolewa. Lakini kabla ya vifaa kuna maswali matatu yasiyohitaji fundi. Je, mwenyewe ameulizwa, akaelezwa kwamba dunia nzima itaona? Je, aliye mbali na ushirika huu anahitaji kulijua jambo hili ili asidhurike? Na baada ya mwaka mmoja, litakuwa bado linamsaidia nani?

Hesabu za fedha za kanisa zitajibu maswali hayo vizuri, na ziachwe wazi kwa kila mtu. Jina la mama aliyelazwa hospitalini litashindwa swali la pili. Huyo tumpigie simu, tumpelekee uji, na tumtaje kwa sauti ndani ya ukumbi, mahali alipotuomba tumtaje.