Kibanda Kitupu na Mgeni Wake

Atokaye Tukuyu akashuka hadi Matema, penye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, huiona Milima ya Livingstone ikipanda wima toka majini, hata kuzidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi, watu kwa miaka mingi wamepita kwa mtumbwi, na vyungu vyao vimefika sokoni kwa njia iyo hiyo. Mbele zaidi mwambao ni mawe na pori. Hapa na pale, penye kipande cha mchanga, pana kibanda cha wavuvi: nguzo chache, paa la nyasi, mafiga matatu. Mwenyewe hayupo.

Tuseme basi msafiri amepatwa na upepo wa kusini, ule uvumao kwa nguvu kati ya Mei na Agosti. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na mawimbi yatokayo mbali namna hiyo hayauhurumii mtumbwi. Avuta chombo mchangani, amelowa, atetemeka. Kibandani akuta kuni kavu na dagaa wachache kikapuni. Je, ana haki ya kuvitumia?

Wako wasemao: La, mali ya mtu ni mali yake. Wengine husema: Kisicho na mlinzi hakina mwenyewe. Sisi twaona pande zote mbili zimepotoka. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aliye katika dhiki kubwa, asiye na njia nyingine ya kujiokoa, akitwaa cha mwenzake ili ajiokoe, haibi. Lakini dhiki ifunguayo mlango ndiyo iwekayo mpaka. Moto wa kumkausha ni haki yake. Kung'oa nguzo kwa uvivu wa kutafuta kuni ni uharibifu. Dagaa wa kula usiku ule ni chakula. Dagaa wa kwenda kuuza ni wizi. Na upepo ukitulia, haki ile nayo yakoma.

Kinachobaki ni deni. Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yamdhania mwenye nyumba yupo mlangoni. Kibandani hakuna wa kumpa mgeni jembe, wala wa kumwona akiondoka. Imempasa ajipe mwenyewe: akate kuni nyingine, afunge nyasi zilizofumuka, aache alicho nacho badala ya alichokula.

Wanyakyusa wa Rungwe wana neno ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza pamoja. Bibi Monica Wilson, mtaalamu wa mila, alilieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1951 juu ya vijiji vya watu wa rika moja. Ni jambo jema sana. Ila ukarimu wa namna hiyo una macho ya wenzi: asiyetoa hujulikana, na husemwa. Kibandani macho hayo hayapo. Ndipo mtu ajuapo kama wema wake ulikuwa tabia, ama hofu ya kusemwa tu.

Wala tusidhani mwenye hasara ni mvuvi peke yake. Akikuta nguzo zimechomwa mara mbili, mara ya tatu ataweka kufuli, au hatajenga tena. Atakayelipa ni msafiri mwingine, usiku mwingine wa tufani, asiyemjua aliyemtangulia wala hakumkosea neno.

Vibanda kama hivi tunavyo hata mbali na ziwa: kisima cha kijiji, daraja la miti mtoni, darasa lisilofungwa. Kila atumiaye, ndugu msomaji, kabla hajaondoka na aulize: Ajaye nyuma yangu atakuta nini?