Uzuri wa Mkono na Wema wa Moyo

Wapo watu katika zama hizi za kompyuta ambao, kazi za mchana zikisha, huketi mezani, huchovya nibu ya chuma katika kidau cha wino, na kuandika herufi moja mara mia. Hawaandiki barua, wala hawalipwi ujira. Herufi waliyoiandika jana huiandika tena leo, na wakiiona ingali na ila huiandika tena kesho. Mpita njia akiwaona huuliza swali la haki: taabu hii ni ya nini? Mashine huandika herufi elfu kwa muda ambao mkono huandika moja, na herufi za mashine hazitetemeki. Swali hilo haliishi kwa kujibiwa kwamba kila mtu ana hiari ya kuutumia wakati wake apendavyo. Lataka jibu zito zaidi, kwa sababu mabingwa wa kale wa fani hii walidai jambo kubwa kuliko burudani. Walidai kwamba mwandiko mzuri humtengeneza mtu mwema. Dai hilo likiwa kweli, kuisahau fani hii ni hasara kwa wanadamu. Likiwa si kweli, yafaa ijulikane ni kitu gani kinachobaki baada ya dai kuondolewa.

Kwanza fani yenyewe na ielezwe. Waandishi wa hati za Kiarabu katika pwani ya Afrika Mashariki, walionakili misahafu na tendi, walitumia kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha bapa. Unene wa mstari wao ulitokana na upana wa ncha na upande ilikoelekezwa. Kalamu inayozungumzwa hapa ni ya namna nyingine. Ncha yake ni kali karibu na sindano, nayo imepasuliwa katikati. Mkono ukiivuta chini na kuikandamiza, meno mawili ya ncha huachana, wino hushuka kwa wingi, na mstari huwa mnene. Mkono ukipanda bila ya kukandamiza, meno hukutana tena na mstari huwa mwembamba kama unywele. Basi unene wa mstari ni kipimo cha nguvu ya mkono katika nukta ile ile. Pumzi ikikatika, karatasi huonyesha. Haraka ikiingia, karatasi huonyesha. Woga ukiingia, karatasi huonyesha pia.

Mwanafunzi haanzi na jina lake. Huanza na mistari mitupu ya kushuka, kisha vikunjo vya juu na vya chini, kisha duara lililorefuka mfano wa yai. Huchora kwa penseli mistari ya kumwongoza, kwani herufi zote sharti zilale upande wa kulia kwa mwinamo mmoja, aghalabu nyuzi 52 au 55 kutoka mstari wa chini. Hujifunza kuusogeza mkono kutoka kwenye kigasha, si kwa kukunja vidole tu. Wino wa jadi wa kazi hii hutengenezwa kwa vivimbe vinavyoota juu ya mti wa mwaloni, kwa chumvi ya chuma, na kwa gundi ya mgunga, ambayo nyingi hutoka Sudan. Ukiwa mbichi huwa hafifu, na weusi wake hukolea kwa kukutana na hewa. Haufutiki kwa urahisi. Kosa lililoandikwa hukaa, na kadiri saa zinavyopita ndivyo linavyozidi kuwa jeusi.

Miandiko hii ina historia. Kati ya mwaka 1733 na 1741 mchonga nakshi wa London aliyeitwa George Bickham alitoa, sehemu baada ya sehemu, kitabu The Universal Penman, ambamo aliikusanya miandiko ya mabingwa wa mji ule. Kurasa zake zilichongwa juu ya mabamba ya shaba nyekundu ndipo zikapigwa chapa, na kutokana na mabamba hayo mwandiko ule ulipata jina la Copperplate. Hapa pana jambo la kutafakari. Patasi ya mchonga nakshi huweza kuurudia mstari na kuusafisha, kalamu haiwezi. Kwa hiyo kielezo walichopewa wanafunzi kilikuwa kimekwisha pita katika mkono wa pili uliokiondolea mitetemo yake. Vizazi vya wanafunzi vilikifuata kielezo ambacho labda hakuna mkono wa mtu uliopata kukiandika hivyo kilivyo.

Mwandiko huo haukuzaliwa kwa ajili ya urembo. Ulikuwa mwandiko wa biashara. Uingereza ya karne ya 18 ilihitaji makarani walioweza kuandika upesi, kwa hati moja iliyosomeka London na ng'ambo ya bahari. Katika Marekani, Platt Rogers Spencer, aliyeishi kati ya mwaka 1800 na 1864, alitunga mwandiko mwepesi zaidi, akidai kwamba maumbo yake yametokana na mawimbi ya ziwa, kokoto za ufukoni na matawi ya miti. Mwandiko wa namna hiyo hata leo haujapotea machoni pa watu: jina Coca-Cola, lililoandikwa mwaka 1886 na karani wa hesabu Frank Robinson, limefuata mtindo huo, nalo huonekana juu ya milango ya maduka mengi ya Afrika Mashariki. Kalamu nayo ilibadilika. Unyoya wa bata bukini uliiachia nafasi nibu ya chuma, ambayo katika karne ya 19 ilitengenezwa kwa mamilioni katika mji wa Birmingham, wengi wa wafanyakazi wa viwanda vyake wakiwa wanawake.

Ni katika karne hiyo ndipo dai la wema liliposemwa kwa sauti kubwa. Mwandiko, ilisemwa, hufundisha subira, utaratibu, usafi na kiasi. Na kijana aliyezoea kuunyosha mstari atazoea kuinyosha njia yake. Dai hili lina mvuto, maana mazoea hujenga tabia, na hakuna asiyependa kuamini kwamba vitu vizuri ni ndugu. Lakini ushahidi wa historia hauliungi mkono. Mwaka 1740, wakati kurasa za Bickham zilipokuwa zikitoka London na kuusifu ustadi wa kalamu, koloni la Uingereza la South Carolina lilitunga sheria ya kumtoza faini mtu atakayemfundisha mtumwa kuandika. Meli za Waingereza ziliendelea kuchukua watumwa kutoka Afrika hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku kwa sheria mwaka 1807, na hesabu za biashara hiyo ziliandikwa na makarani waliofunzwa mwandiko mzuri. Watu na bei zao viliwekwa katika safu zilizonyooka. Herufi zililala kwa mwinamo mmoja. Mistari minene ilikuwa minene na myembamba ilikuwa myembamba. Subira ilikuwapo, na utaratibu, na usafi, na kiasi. Kilichokosekana hakikuonekana katika herufi. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi mtu aweza kukata shauri upesi kwamba fani hii ni pambo la waovu, au angalau ni pambo lisilo na maana. Naye atakuwa amekosea, kwa sababu historia ile ile ina ushahidi wa upande wa pili. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Maryland, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1845 jinsi alivyojifunza kuandika. Mke wa bwana wake katika mji wa Baltimore alianza kumfundisha kusoma, mumewe akamkataza. Mtoto yule akajifunza herufi za kwanza kwa kutazama alama ambazo maseremala wa meli waliziandika juu ya mbao. Uzio, kuta na njia za mawe vilikuwa daftari lake, na chaki ilikuwa kalamu yake. Mwishowe alizichukua daftari za shule za mtoto wa bwana wake zilizokwisha kutumika, na katika nafasi zilizobaki wazi akanakili yale aliyoandika mtoto yule, mpaka mwandiko wake ukakaribia sana kufanana na wa mwenziwe. Baadaye, alipopanga kutoroka pamoja na wenzake, alitumia mkono huo kuandika vyeti vya ruhusa kwa jina la bwana. Mpango ule ulivunjika, naye akaupata uhuru wake mwaka 1838 kwa safari nyingine. Lakini mkono haukuwa umemwangusha.

Jambo alilolifanya Douglass juu ya nafasi zile tupu kwa sura ya nje halina tofauti na analolifanya mwanafunzi wa leo mezani pake, wala na alilolifanya karani wa meli ya watumwa katika siku za mafunzo yake. Wote wametazama kielezo cha mtu mwingine, wakakifuata, wakakikosa, wakakifuata tena. Kama kunakili ni utumwa wa mkono, Douglass angalizidi kuwa mtumwa kwa kila mstari. Naye kwa kila mstari alizidi kuukaribia uhuru. Kama kunakili ni shule ya wema, karani angalitupa kalamu yake baharini, naye hakuitupa. Kwa hiyo wema haumo katika mstari, wala uovu haumo. Ustadi ni nguvu, na nguvu humfuata yule aliyeishika.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mazoezi haya huyafunza kwa kweli, nalo ni dogo kuliko dai la mabingwa wa kale, lakini si la kudharauliwa. Mwaka 1874 mashine ya kupiga chapa ya Remington ilianza kuuzwa Marekani. Ofisi zilianza kuuacha mkono polepole, na mabingwa wa mwandiko wakapungua, hata mwaka 1949 kikaundwa huko chama cha kuihifadhi fani yao, IAMPETH. Fani iliyokuwa mtumishi wa biashara ikaachishwa kazi. Leo mwenye kuifanya kwa mapenzi hana tajiri wa kumridhisha wala mtihani wa kufaulu. Hukumu imebaki kati yake na karatasi. Hutazama mstari wake kando ya kielezo, na katika kutazama huko ana njia mbili: kusema kwamba unatosha, au kusema ukweli. Anayechagua njia ya kwanza hukaa mahali pamoja miaka kumi. Anayechagua ya pili huendelea. Huko ndiko kuboresha mwandiko: mkono haupandi kabla ya jicho, na jicho halioni mpaka mtu akubali kulaumiwa na kazi yake mwenyewe bila ya kusingizia nibu, wino au taa. Tena hukubali hayo akijua kwamba kielezo hatakifikia, kwa kuwa kilichongwa katika shaba.

Kukubali kosa ambalo hakuna mtu mwingine aliyeliona ni mazoezi ya ukweli. Lakini ni mazoezi tu. Mtu aweza kuwa mkweli juu ya karatasi akawa mwongo sokoni, kama vile mchezaji aweza kuzifuata sheria uwanjani na kuzivunja nyumbani. Ukweli hauvuki wenyewe kutoka meza hadi maisha. Sharti mwenyewe auvushe. Hali kadhalika, mazoezi haya hayamfungulii mtu deni la jirani. Mgonjwa akibisha hodi, herufi na ingoje. Uraibu unaomfanya mtu asisikie hodi umeacha kuwa pumziko, umekuwa mahali pa kujificha.

Limebaki jambo la mwisho, ambalo wapenzi wa fani hii hulisahau kwa sababu macho yao yamo katika umbo. Herufi husomwa. Karani wa kale, alipoulizwa kwa nini aliandika alichokiandika, aliweza kujibu kwamba aliamriwa. Jibu hilo halikumtakasa, lakini alikuwa nalo. Mwandishi wa mapenzi hana hata hilo. Hakuna aliyemtuma. Maneno anayoyapamba ameyachagua mwenyewe, na uzuri anaoyapa utawafanya watu wayatazame kwa muda mrefu kuliko wangaliyatazama yakiwa mabaya. Uhuru uliomwondolea ujira umemwongezea dhima. Baada ya kupima mwinamo na nafasi kati ya herufi, anabakiwa na swali ambalo rula haiwezi kulijibu: maneno haya yanasema nini, na ni nani atakayenufaika au kuumia kwa kuandikwa kwake vizuri?