Mtu Mmoja Ugenini

Vijana wengi wa mijini siku hizi wanahimizana kusafiri peke yao. Wanaambiana kwamba anayepanda basi bila rafiki wala ndugu atarudi akiwa mtu mwingine: jasiri, aliyekomaa, anayejijua. Ushauri huo ni mzuri, lakini sababu inayotolewa ina kasoro. Inachukuliwa kwamba upweke ndio mwalimu. Kwamba ndani ya kila mmoja wetu imo nafsi halisi iliyofunikwa na watu, na ikitengwa nao itajitokeza yenyewe. Kwa jamii inayoamini kwamba mtu ni watu, dai hilo si dogo. Likiwa kweli, basi mengi tuliyofunzwa kuhusu utu yanahitaji kusahihishwa. Mimi naona si kweli. Kusafiri peke yako kunakuza, ila kwa sababu iliyo kinyume na hiyo.

Tuanze na kile ambacho safari ya namna hiyo humwondolea mtu. Nyumbani hakuna anayetenda jambo akiwa yeye tu. Yeye ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, mwanakwaya wa kanisa lile au jirani wa msikiti ule, na Mangi wa duka la kona anamwandikia deni kwa sababu anamjua mama yake. Akitaka kumjibu mzee vibaya, anajua habari itatangulia kufika nyumbani kabla yake. Uadilifu wake unashikiliwa na macho mengi. Akiondoka na wenzake watano, macho hayo anasafiri nayo: wakifika Kigoma watakuwa mtaa mdogo uliohama, wenye utani wake, sheria zake na waamuzi wake. Akiondoka peke yake, macho yanabaki stendi.

Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, anasimulia kisa cha mchungaji wa Lydia aliyeokota pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Mchungaji yule hakukawia: alimrubuni malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Swali linaloachwa mbele ya msomaji ni kama mwadilifu angebaki mwadilifu lau angekuwa na pete hiyo. Hakuna aliyewahi kuivaa, lakini msafiri wa peke yake anaikaribia. Anaonekana, ila hajulikani. Mama ntilie wa Mpanda akimrudishia chenji iliyozidi, hakuna shangazi atakayesikia. Akimwahidi mwenyeji wake kwamba atamtumia picha walizopiga, hakuna wa kumkumbusha. Hapo ndipo anapopata nafasi ya kujua ni sehemu gani ya uaminifu wake iliyo yake, na ipi ilikuwa ya majirani.

Majibu hayawi mabaya kila mara. Yupo aliyejulikana kwao kuwa mkali, akagundua ugenini kwamba ukali ule aliubeba kwa sababu watu waliutarajia kwake, na kwamba anaweza kuwa mpole bila kupungukiwa kitu. Yupo pia aliyesifiwa kwa ukarimu, akaona kwamba pasipo wa kusifu mkono wake ni mzito. Ugunduzi wa aina hii bado si kukua, lakini hakuna atakayerekebisha tabia ambayo hajui kama ni yake.

Hadi hapa wahubiri wa upweke wanaweza kudai ushindi. Watu wameondolewa, nafsi imeonekana. Lakini tazama imeonekana wapi: mbele ya mama ntilie, mbele ya mwenyeji, mbele ya abiria wa kiti cha pili. Bila hao hakuna lililojulikana. Aliyejifungia chumbani wiki nzima hajajaribiwa uaminifu wala ukarimu, kwa kuwa fadhila hizo haziwezi kutendwa bila mwingine. Kilichoondolewa safarini ni watu wetu. Nafasi yao imechukuliwa na watu wasiotujua, na hao ndio wanaofundisha.

Jambo hili wazazi wetu walilijua zamani. Kwa miongo mingi mwanafunzi wa Tanzania aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika mkoa wa mbali alipanda basi na sanduku lake la bati bila mzazi. Stendi alikabidhiwa kwa kondakta: “Huyu mtoto utamshusha Makambako.” Kisha mzazi akamgeukia mama aliyekaa kiti cha jirani na kumwambia, “Mama, nakuachia mwanangu.” Mtoto yule alisafiri peke yake, lakini peke yake hapo ilikuwa bila watu wake, si bila watu. Alifika akiwa amejifunza kumwamkia mtu asiyemjua, kupokea hindi la kuchoma kutoka mkono mgeni, na kusema shida yake kwa sauti ya kusikika.

Mtu mzima anayetaka kulielewa somo hilo na apande treni ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, wanaume kwao na wanawake kwao. Familia ikikata tiketi za chumba kizima hufunga mlango na kuendelea kuwa familia. Aliye peke yake huwekwa na watu watano asiowajua. Akitaka kwenda kunawa uso alfajiri, lazima aamue nani atamwangalizia begi. Uamuzi huo unahitaji kusoma nyuso, kukumbuka nani alizungumza nini jana usiku, na kukubali kwamba huenda amekosea. Zaidi ya yote, unahitaji kuomba. Aliyesafiri na kaka yake haombi, na asiyeomba hajui ni kiasi gani cha kujitegemea kwake ni kazi ya wengine ambayo hajawahi kuiona.

Msafiri mashuhuri kuliko wote waliofika pwani yetu zamani alilipitia hilo. Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325, akiwa na miaka 21, bila mwenzi wala msafara. Alipofika Tunis pamoja na wasafiri aliokutana nao njiani, wenyeji walitoka kuwalaki wasafiri na kusalimiana nao, ila yeye hakusalimiwa na yeyote. Alilia. Hujaji mmoja aliyetambua kinachomliza alimsogelea na kumchangamkia. Haukupita muda mrefu, msafara uliotoka Tunis ukamfanya kadhi wake. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na anaeleza jinsi vijana wa Mogadishu walivyopiga makasia hadi penye jahazi wakiwa na chakula, kila mmoja akimchukua mfanyabiashara mmoja kuwa mgeni wake. Sifa ya ukomavu wa Ibn Battuta tunampa yeye. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ilikuwa haki ya hujaji yule wa Tunis, ambaye jina lake halijulikani.

Kuna pingamizi la haki. Mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyezaliwa 1724 na kufariki 1804, hakwenda mbali na mji wake wa Königsberg, nayo maandiko yake yangali yanasomwa dunia nzima. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1798 alidai kwamba mji kama wake, wenye bandari, chuo kikuu na biashara na nchi za mbali, unatosha kumfundisha mtu habari za binadamu bila yeye kusafiri. Basi kuna haja gani ya kupanda treni?

Pingamizi hilo linaisaidia hoja yangu kuliko linavyoidhuru. Kant hakusema mtu anaweza kujijua bila wageni. Alisema wageni walimfuata alipo. Wenyeji wa Lamu, Mombasa na Unguja wanalifahamu hilo. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na mabaharia wakakaa miezi wakingoja kusi iwarudishe, hivyo mtu wa bandarini aliweza kuijua dunia akiwa barazani kwake. Kilomita si kipimo. Na mfano wa upande wa pili unathibitisha hayo: anayeruka hadi nchi ya mbali, akalala alikolipia kwa simu, akaongozwa na ramani ya simu, na jioni yote akajibu kundi la WhatsApp la ukoo, ameisogeza miili miwili tu, wa kwake na wa begi lake. Yuko peke yake, na bado hajakutana na mtu.

Lakini kutojulikana na kuwahitaji wageni havitoshi. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki wamepanda ndege peke yao kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wa mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake, na wapo walionyang’anywa hata pasipoti. Huyo yuko mbali, hajulikani, na anawategemea wasiomjua kwa kila kitu. Kama ugeni peke yake ungekuwa mwalimu, yeye angekuwa mwanafunzi bora. Mara nyingi unamvunja. Anachokosa ni uwezo wa kuondoka, na mtu wa kumwona kuwa mgeni badala ya chombo. Anayesifu ugumu wa safari kana kwamba ugumu ndio unaokomaza, na afikirie kwanza ugumu wa nani anauzungumzia.

Hata ndani ya nchi nafasi hii haigawanywi sawasawa. Mwanamume akifika gesti usiku huulizwa atalala siku ngapi. Mwanamke akifika peke yake huulizwa yuko na nani, na ukimya wake hujazwa na dhana za mpokezi. Binti anaweza kuwa na ujasiri kumzidi kaka yake na bado akanyimwa elimu ya njiani, kwa kuwa elimu hiyo iko mikononi mwa wenyeji. Wakiwa waovu, hakuna kitakachomkuza.

Twende kwenye kurudi, maana safari isiyo na marejeo ni kuhama. Tété-Michel Kpomassie, kijana wa Togo, alisoma kitabu kuhusu watu wa Greenland, akatoroka kwao mwaka 1958, akafanya kazi nchi baada ya nchi, na akafika kwenye barafu ile katikati ya miaka ya 1960. Alilala katika nyumba za wenyeji na kula walichokula. Alitamani kubaki, kisha akaamua kurudi kuwasimulia watu wake, na kitabu chake kikatoka 1981. Aliona kwamba alichokipata kilikuwa na wadai nyumbani. Lakini nyumbani nako si salama daima. Shaaban Robert, katika kitabu chake cha Kusadikika, aliwaonyesha wajumbe waliotumwa mmoja mmoja nchi za mbali, wakarudi na maarifa, na malipo yao yakawa kifungo. Jamii inayomtuma mtu wake kuona na kisha kumnyamazisha aliyeona imelipia nauli bure.

Kwa hiyo tusiseme kwamba msafiri wa peke yake amejitengeneza. Ametengenezwa na wasiomdai undugu, waliomwonyesha njia, wakamlinda begi, wakamsahihisha lugha, na wengine wakamdanganya akajifunza kuuliza mara mbili. Akidai amerudi amekomaa, nitamwamini nikimwona anavyomtendea mgeni: binti aliyeshuka basi la usiku asiyejua pa kulala, mwanafunzi mwenye sanduku anayetafuta gari la kuunganisha, mfanyakazi wa ndani aliyetoka mkoa mwingine ambaye hana ndugu mjini. Wewe unayepanga safari, nenda peke yako ukiweza, na zima simu uombe njia kwa mtu. Na wewe usiye na nauli, huhitaji kusubiri: mgeni yupo stendi ya mji wako usiku huu, naye anahitaji mwenyeji mwema.