Kiazi Kabla ya Karai

Mjukuu wangu,

Mama yako alinipigia simu juzi. Anasema umechoka kuzunguka na bahasha ya vyeti huko Dar es Salaam, na sasa unataka kurudi Makambako ukaange chipsi na krispi jikoni kwake, uziuze stendi. Aliyasema hayo kwa sauti ya msiba. Mimi nilifurahi, ila furaha yangu ina masharti, ndiyo maana nakuandikia. Nilikaanga viazi pale Makambako tangu mwaka 1987 mpaka magoti yaliponikatalia kusimama, na wanangu wanne, mama yako akiwemo, walisomeshwa na karai moja. Kazi hii siidharau. Ninayemhofia ni mtu anayeiingia akidhani inaanzia kwenye mafuta.

Chipsi zinaanzia shambani, zinapitia ghalani, na zikifika kwenye karai mambo mengi yameshaamuliwa.

Wewe umezaliwa ndani ya viazi, kwa hiyo huvioni. Huku kwetu Uwemba kiazi ni kitafunio cha asubuhi, ni chakula cha shambani, ni ada ya shule. Malori yanapakia hata usiku, yanateremka Makambako, yanaishika barabara kuu ya kwenda Iringa na Dar es Salaam. Kiazi kinaondoka na udongo wake, ndani ya lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba kichwani. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelikemea jambo hilo miaka nenda miaka rudi, lakini mkulima aliyebanwa na ada hana nguvu ya kubishana na mwenye lori. Kisha pakiti za krispi zinapanda kutoka mjini kuja kwetu, na mtoto wa mkulima yule yule anatoa fedha kununua vipande vichache vya kiazi vilivyofungwa hewa. Jambo hilo limeniuma muda mrefu. Sasa wengi wanang'oa viazi wapande parachichi, na siwalaumu, ila kila nikipita kwenye shamba lililong'olewa najiuliza kama tulikikimbia kiazi kabla hatujajifunza kukitumia.

Hesabu moja uiweke kichwani kabla hujanunua hata sado ya kwanza. Kiazi kibichi ni maji, karibu sehemu nne kati ya tano. Krispi iliyoiva sawasawa haina maji ya kutajika. Kwa hiyo kilo moja ya krispi inameza viazi kilo nne hivi, na hapo mafuta nayo yameshachangia kama theluthi ya uzito wake. Ukipanga bei bila kulijua hilo, utauza mwezi mzima watu wakikusifu, halafu utatafuta mtaji usiuone.

Sasa kiazi chenyewe. Kinachofaa chipsi ni kile chenye wanga mwingi, ambacho ukikichemsha kinapasuka na kumwaga unga. Kile kinachobaki kimekaza na kuteleza kama sabuni kipeleke kwenye mchuzi. Sokoni watakutajia majina: Arka, Kikondo, Sagitta, Asante, Sherekea. Yasikilize, lakini yasikutawale, kwa maana mbegu ile ile ikilimwa bondeni penye maji huzaa kiazi cha majimaji. Jaribu hivi: kikombe kimoja cha chumvi kwa vikombe kumi na kimoja vya maji, koroga mpaka chumvi iyeyuke yote, kisha tumbukiza viazi vyako. Kinachozama ni kizito kwa wanga, hicho ni cha chipsi. Kinachoelea ni cha mchuzi. Maji hayo usiyamwage, yanaweza kupima gunia zima.

Halafu sugua ganda kwa dole gumba. Likivuka kama ganda la ndizi iliyoiva, kiazi hicho kimechimbwa kichanga, mwenye shamba alikuwa na haraka ya fedha. Mkulima mtulivu hukata majani yakishaanza kukauka, akaviacha viazi ardhini wiki mbili hivi ganda likomae. Mtafute mkulima wa namna hiyo, ukimpata mlipe vizuri na usimwache. Na chochote kilichogeuka kijani kwa kupigwa na mwanga, usikionee huruma. Kuna sumu humo, solanini, ambayo kukaanga hakuiondoi. Viazi viweke gizani.

Hapa sina budi kukusimulia kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Mwaka mmoja nilinunua viazi Juni, bei ikiwa chini, nikavihifadhi huku Uwemba kwenye stoo ya mabanzi. Unaijua Julai ya huku. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, na maji ya kwenye ndoo yanauma vidole. Mwezi ulipoisha nikateremsha magunia mawili Makambako, nikawasha jiko, nikaanza kazi. Chipsi zikawa za kahawia dakika ile ile zilipoingia kwenye mafuta. Ukizivunja, ndani mbichi, na zina utamu wa ajabu, kama kiazi kitamu. Wateja wakarudisha sahani. Nami nikatoka pale, nikamwendea kijana aliyeniuzia mafuta, nikamwita mwizi mbele ya watu.

Nilibadilisha mafuta. Hali ikawa vile vile. Siku ya tatu alipita bwana shamba kunywa chai, akatazama karai, akauliza viazi vililala wapi. Nilipomwambia, akanieleza kwamba kiazi kikikaa kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 8 hivi, hugeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo ikikutana na mafuta ya moto huungua kabla kiazi hakijaiva. Kosa halikuwa la mafuta wala la kijana. Nilikwenda kumwomba radhi jioni ile ile. Alinisamehe kwa mdomo, lakini hakuniuzia tena mafuta, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, msimu wa baridi viazi vyako usivilaze huku Uwemba. Makambako kuna joto kidogo kutuzidi, viteremshe huko mapema. Kama vimeshapigwa na baridi, viweke kwenye chumba chenye joto la kawaida, gizani, kwa wiki mbili au tatu, sukari itapungua. Na kabla hujalipia gunia, omba kiazi kimoja, kikate kipande, kikaange. Kipande kimoja kitakueleza habari za gunia lote. Muuzaji atakayekukatalia jaribio hilo, mwache na gunia lake.

Na rangi ile ya kahawia ina ubaya mwingine. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden waligundua kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa kwa moto mkali hutengeneza kitu kiitwacho akrilamaidi, ambacho wanakihofia kwa afya, na kwamba kinaongezeka kadiri rangi inavyozidi kuwa ya kahawia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuikataa chipsi nyeusi kwa sababu ya uchungu wake. Wewe ikatae kwa sababu zote mbili. Ikiwa ya dhahabu, itoe.

Namna ya kukaanga haina siri. Menya, kata vipande vya unene wa kidole chako kidogo, vyote vilingane ili viive pamoja. Osha, loweka kwenye maji nusu saa, wanga wa juu na sukari vitoke. Kisha chuja na ukaushe kwa kitambaa safi mpaka vipande visiache unyevu mkononi. Hapo ndipo wengi wanapokimbia. Kipande chenye maji hurusha mafuta usoni, hupoza karai, na hutoka kimelegea kikinywa mafuta.

Kaanga mara mbili. Wabelgiji, ambao chipsi kwao ni fahari ya nchi, hufanya hivyo, nami nilifanya hivyo kabla sijamsikia Mbelgiji yeyote, kwa sababu ya mabasi. Mara ya kwanza mafuta yawe na moto wa wastani. Tumbukiza kipande kimoja: kikizama kwanza kisha kikapanda taratibu na mapovu madogo, anza. Dakika tano au sita, mpaka kiwe laini na bado kiko cheupe. Toa, tandaza, acha vipoe. Mara ya pili moto uwe mkali, kipande kiibuke juu papo hapo kikipiga kelele, dakika mbili au tatu basi.

Nilisema mabasi. Basi la Songea au la Mbeya likisimama pale Makambako, abiria ana dakika chache na jicho lake liko kwa kondakta. Kuna wakaangaji wanaokaanga saa kumi na mbili asubuhi na kuuza rundo hilo hilo mpaka mchana, limekauka kwenye kabati la kioo. Wengine huanza na kiazi kibichi basi likishafika, wakampa mtu chipsi zisizoiva. Wewe mkaango wa kwanza uumalize mapema, vipande vipoe vikikusubiri. Ukisikia honi, moto juu, dakika mbili, chumvi, mpe. Abiria atapanda na chakula cha moto, na akirudi safari nyingine atakutafuta.

Krispi zina tabia nyingine. Hapo unakata nyembamba sana, kiasi cha kuona kivuli cha kidole ukikiweka nyuma ya kipande, na kisu hakitoshi, tafuta kile kikwaruzo cha ubapa. Osha mara tatu, mpaka maji yabaki meupe kama ulivyoyachota. Kausha. Tia kipande kimoja kimoja visishikane, kisha sikiliza. Yale mapovu ni maji yanayotoka ndani ya kiazi kwa njia ya mvuke, na siku zote nilitumia sikio kuliko saa. Kelele ikipungua na mapovu yakakoma, maji yamekwisha, krispi imeiva. Ukitoa mapema italegea kabla ya jioni. Nyunyiza chumvi ikiwa bado moto, lakini usifunge mpaka ipoe kabisa, maana mvuke ukifungiwa kwenye pakiti unarudi kuwa maji.

Mafuta nayo yana umri. Kila jioni yakipoa, yachuje kwa kitambaa, toa makombo, maana makombo ndiyo yanayoyaunguza. Yakianza kutoa povu lisilotulia, yakawa mazito na meusi, au yakafuka moshi kabla hujatia kitu, yamekufa. Usiyafufue kwa kuongezea mapya juu yake. Najua bei ya mafuta. Lakini mtoto wa mwenzio atakula humo.

Na moto wenyewe, nakuusia hili kwa uzito wote: mafuta yakishika moto, usimwage maji. Maji yatayarusha mafuta yanayowaka mpaka kwenye paa. Funika karai kwa mfuniko mkubwa, uuweke karibu siku zote, kisha ondoa moto chini kama unaweza. Karai likae imara kwenye jiko, mpini wake usitokeze njiani, na watoto wa dada yako wasicheze jikoni saa za kazi. Nimeona mkono wa mtoto ulioungua kwa mafuta. Nisingependa uuone.

Karatasi za madaftari na mitihani ya zamani usizifungie chakula. Wino unaingia kwenye mafuta, na hujui karatasi hiyo ilipita mikono ya nani. Tangu Juni 2019 ile mifuko laini ya plastiki imepigwa marufuku, na kwa chipsi za moto haikufaa hata kabla ya marufuku. Nunua mifuko ya karatasi iliyo safi. Kwa krispi za pakiti, ukitaka ziingie madukani Njombe na kupita hapo, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakufundishe na wakuelekeze namna ya kufika TBS, shirika la viwango, ambao tangu mwaka huo huo wa 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Usianze kwa kujificha. Pakiti isiyo na jina la mtengenezaji inamwambia mnunuzi kwamba mtengenezaji hataki kujulikana.

Nimekuwekea magunia mawili, yamechimbwa ganda likiwa gumu, nitayateremsha wiki ijayo na gari la maziwa. Ukishakaanga krispi za kwanza, pakiti moja usiiuze. Andika tarehe juu yake, iweke juu ya kabati la mama yako, uiache siku kumi na nne. Siku hiyo ikifika, ifungue peke yako, unuse kwanza, kisha utafune. Kama imelegea, au mafuta yake yana harufu ya kuchacha, nipigie simu tuanze tena pamoja kutoka kwenye kiazi.